Spika Mpya, 1986

Mgongoni mwa redio, upande wa ndani ambao mwenye redio hauoni, kuna mwandiko wa penseli: spika mpya, 1986. Jina hakuna. Herufi zimeinamia kulia, na mkia wa tarakimu ya mwisho umeliwa na maji ya betri yaliyowahi kuvuja. Redio yenyewe niliinunua Karume, Ilala, kwenye fungu la vitu mchanganyiko, kwa muuzaji ambaye hakuahidi kama inasema au haisemi. Niliifungua usiku kwa bisibisi ya nyota, nikitafuta waya uliokatika, na waya nikaupata. Lakini kilichonikalisha macho ni yale maneno mawili na mwaka wake. Nimezoea kudhani kwamba ndani ya chombo mna vyuma tu na plastiki. Kumbe mlikuwa na mtu, na alikuwa akisema na mimi.

Alikuwa akisema na mimi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusema naye pale. Mwenye redio asingeyaona maneno hayo maisha yake yote. Kazi yake ni kuzungusha kitufe na kusikiliza. Angeyaona fundi wa baadaye tu, siku redio itakaponyamaza tena, ili ajue kwamba spika imekwisha kubadilishwa na ugonjwa autafute kwingine. Mafundi saa wana desturi hiyo tangu zamani sana. Fundi humaliza kazi, akakwangua kwa ncha ya sindano alama yake na tarehe ndani ya mfuniko, kwa mwandiko mdogo usiosomeka bila lenzi, kisha akafunga. Saa moja inaweza kubeba alama za watu ambao hawakuwahi kuonana, wengine wamekwisha kuzikwa, na wote walikaa kwa zamu juu ya gurudumu lile lile. Anayeivaa mkononi hana habari kwamba amebeba baraza zima.

Anayeikumbuka miaka ile anajua uzito wa spika mpya. Nchi ilikuwa inatoka kwenye uhaba uliowapanga watu foleni kwa ajili ya sukari na sabuni, na milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeanza kulegezwa mwaka 1984 tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo taarifa ya habari, mpira, salamu za wagonjwa na matangazo ya vifo vyote vilipitia kwenye kile kikaratasi cheusi cha mviringo kinachotetemeka mbele ya sumaku. Betri zilipochoka, watu walizianika juani, joto likaamsha nguvu kidogo iliyosalia. Mawimbi yalipokuwa hafifu, waya ulivutwa kutoka kwenye antena hadi kwenye bati la paa. Kila nyumba yenye redio ilikuwa na fundi wa kiwango fulani. Na kama redio hii ilikuwa bado inasema Oktoba 1999, basi ndiyo iliyowaambia watu wa nyumba fulani kwamba Mwalimu Nyerere amefariki. Habari hiyo iliwafikia kupitia mkono wa mtu aliyeifunga spika ile miaka kumi na tatu nyuma, akaandika mwaka, akarudisha mfuniko.

Nimerudi kuifungua mara nyingi tangu hapo, mara nyingine bila sababu ya ufundi. Kinachojionyesha kwanza ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Hicho ndicho kinachodaka masafa ya kati. Ile antena ndefu tunayoivuta kwa fahari haina kazi huko, yenyewe hungoja masafa mafupi na FM. Pembeni yake pana kapasita ya kutafutia stesheni, vibati vyembamba vinavyoingiliana bila kugusana, na uzi unaozunguka vigurudumu ukivuta mshale mbele ya namba. Halafu vile vikopo vya bati vya mraba vyenye vichwa vya rangi, chekundu, cha njano, cheupe, cheusi, na katika kila kichwa kimechongwa kifereji kinachoenea ncha ya bisibisi barabara. Hakuna mtoto aliyefungua redio asiyetamani kuvizungusha, na hakuna fundi asiyemwonya mwanafunzi wake aviache. Chekundu huongoza mtetemo wa redio yenyewe. Hivyo vingine vitatu vimepangwa kiwandani ili vyote vipokee masafa mamoja, kilohezi 455, ambayo kila stesheni hushushwa ifikie kwanza kabla ya kusikika. Ukivichezea redio haifi. Inabaki na uhai wake wote, inavuma, inakula betri, ila inakuwa kiziwi, na kuirudishia masikio yake ni kazi ya subira na vifaa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Waliosema hivyo walikuwa wakitazama majahazi yakikata maji mbele yao, misumari haionekani, kamba haionekani, wala kalafati iliyosukumwa kwenye kila ufa kwa patasi ya mbao na uvumilivu. Methali hiyo huwa naisikia sana misibani na kwenye mikutano ya siasa, ikitumika kumkumbusha mtu awaheshimu waliomtangulia, na ni sawa. Lakini mimi naamini ilianza kwa mtu aliyewahi kukaa chini ya chombo kilichopandishwa ufukweni, akakiona tumbo lake. Heshima anayoizungumzia imetoka kwenye kuona. Ile transista iliyoipunguza redio kutoka ukubwa wa sanduku hadi kiganja cha mkono, nayo ilizaliwa hivyo hivyo, kwa vitu vya kubandika na kubana. Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walichukua kabari ndogo ya plastiki, wakaivisha karatasi ya dhahabu, wakaikata dhahabu hiyo ufa mwembamba kwenye ncha, kisha wakaikandamiza kwa springi juu ya kipande cha germaniamu. Picha yake ipo, na anayeitazama leo anaona springi iliyokunjwa na waya zilizopinda. Mwaka 1954 Wamarekani walianza kuuza redio ya mfukoni, Regency TR-1, yenye transista nne tu. Ulimwengu wote wa vyombo tulivyonavyo mifukoni ulipita kwenye ile springi.

Leo kinachofunguliwa zaidi ni simu. Ukipita Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na vichochoro vinavyouzunguka, au ukiwa Nairobi ukashuka Luthuli, utawaona vijana wamekaa nyuma ya meza nyembamba, taa imeinamishwa, lenzi imeshikiliwa na mkono wa chuma, bloa ya upepo wa moto upande mmoja na mita upande mwingine. Juu ya meza simu zimelala bila migongo. Katika pita pita hizo nilisimama siku moja wakati dada mmoja anamkabidhi fundi simu iliyoingia maji. Alikuwa ameizika kwenye mchele, akangoja, na bado ilikuwa kimya. Fundi alifungua bila kusema, akaigeuza bodi chini ya lenzi, akamwita dada aje aone mwenyewe. Kando ya tundu la chaji palikuwa pameota unga wa kijani. “Mchele haufungui simu, dada,” alisema. “Maji yanakauka, chumvi inabaki. Na umeme ukiikuta chumvi, inaanza kula.” Akamwaga spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akachovya mswaki, mswaki wa meno wa kawaida, akasugua kwa mikupuo mifupi kuelekea upande mmoja, akapuliza, akatazama, akasugua tena. Kijani kilipotoka, shaba ikang’aa. Sehemu moja njia ya umeme ilikuwa imekwisha kuliwa. Akalaza uzi mmoja wa waya uliochambuliwa, akaugusisha lehemu huku na huku, kwa mkono ambao haukutikisika hata pikipiki ilipopita ikigusa mguu wa meza.

Nilichokipenda ni kwamba alimwita aone. Angeweza kumwambia asubiri nje, akamrudishia simu nzima na bei. Badala yake kwa muda mfupi dada yule aliitazama simu yake kwa ndani, na kwa jinsi alivyoinama pale nadhani hatakimbilia mchele tena. Atakimbilia kuzima simu na kuipeleka kwa fundi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakumhusu fundi peke yake.

Simu hizo zilizolala bila migongo nyingine haziponi. Hizo huitwa spea. Mfumo wake wa chaji utaingia kwenye simu ya mtu wa Mbagala, spika yake itaenda Kibaha, kioo chake kitamfaa mwanafunzi aliyeketia simu yake kwenye daladala. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sisemi kwamba meza za Aggrey zinautatua mzigo huo. Waya zinachomwa huko kwetu pia ili kupata shaba, na moshi wake unavutwa na watoto. Nasema kwamba pale mezani kila kiungo kinatazamwa kwanza kabla hakijaitwa taka, na kutazamwa huko ni haki ambayo kitu kinastahili kupewa.

Kinastahili kwa sababu ya kule kilikotoka. Mtaa wa Kongo unakatiza pale pale Kariakoo, umejaa nguo na viatu na makelele ya bei, na mtu anaweza kuupita kila siku bila kufikiri kwamba Kongo yenyewe imo ndani ya kila chombo kilichofunguliwa mtaa wa pili. Kwenye bodi za elektroniki huonekana vidonge vidogo vya njano au vyeusi vyenye mstari upande mmoja. Ni kapasita za tantali. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa mapema kwamba mstari huo ni upande wa chanya, wakati kwenye kapasita za kawaida za mkebe mstari ni hasi. Akichanganya, kidonge kinawaka moto na kutoa moshi mchungu. Tantali hutoka kwenye koltani, na sehemu si ndogo ya koltani ya dunia imetoka Rubaya, katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, ambako watu huchimba kwa sururu na koleo na kuosha udongo kwa maji ya vijito, na mvua zikizidi kilima hushuka na kuwafunika. Kobalti ya kwenye betri, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, inatoka Kongo pia, kusini kabisa, upande wa Kolwezi. Rubaya na Kolwezi zimetenganishwa na safari ya siku nyingi, lakini kote kuwili Kiswahili kinasemwa. Mchimbaji akimwomba mwenzake kamba, naamini ningemwelewa.

Huyo hana mahali pa kuandika. Fundi wa 1986 alipata nafasi ya ncha mbili za kidole nyuma ya redio. Mchimbaji hapati hata hiyo. Jiwe lake linasagwa, linachanganywa na ya wengine, linasafirishwa kwenda kuyeyushwa ng’ambo, linarudi likiwa kidonge chenye mstari. Kila ninapokiona chini ya lenzi huwa najaribu kumweka pale yule mtu, mikono yake, udongo kwenye nywele zake, na ninajua kwamba kumfikiria hakumlipi chochote. Lakini simu iliyozibwa isifunguke inaniondolea hata hicho. Inanifanya niamini kwamba imetoka dukani.

Na simu zinazibwa. Mwaka 2003 Nokia ilitoa ile 1100 yenye kurunzi kichwani, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250, na yeyote aliyekuwa nayo aliweza kuivua mgongo kwa kidole gumba, akaitoa betri, akaipangusa kwenye shati, akairudisha. Bibi aliyezaliwa kabla ya redio kufika kijijini kwao alijua kufanya hivyo. Simu za siku hizi zimefungwa kwa gundi. Ili kufikia betri fundi huupasha moto ukingo wa kioo, akapenyeza kipande cha kadi ya plastiki, akakisukuma taratibu huku akisikiliza, maana kioo kikianza kulia kwa sauti fulani, kimekwisha kupasuka. Kuanzia zama za iPhone 4 zikaja skrubu zenye kichwa cha petali tano, ambazo bisibisi ya kawaida haiziingii. Kisha ufungaji ukahamia mahali ambapo bisibisi yoyote haifiki. Mwaka 2016 ilijulikana dunia nzima kwamba iPhone zilizobadilishwa kitufe cha alama ya kidole na fundi wa mtaani zilikuwa zikizimika kabisa baada ya kusasisha programu, na kioo kikaonyesha kosa namba 53. Kampuni iliomba radhi na kulirekebisha, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowaambia wateja kwamba wamepoteza haki yao ya kutengenezewa. Mimi hukaa na kulifikiria lile jambo lenyewe kabla ya faini: chombo kilichofundishwa kuutambua mkono wa mgeni na kuukataa.

Watengenezaji wana hoja zao, na sitaki kuzipuuza. Gundi huzuia maji na vumbi. Simu isiyo na mfuniko wa kufunguka inakuwa nyembamba, na alama ya kidole inalinda fedha za watu, jambo ambalo sisi tunaotuma na kupokea pesa kwa simu kila siku hatuwezi kulidharau. Lakini chombo kilichofungwa kwa namna hiyo kimeamua mapema kwamba baada ya mimi hakuna mtu. Hakutakuwa na fundi wa kesho wa kumwachia neno, wala mtoto wa kurithi, wala spea ya kwenda Kibaha. Maisha yake yamehesabiwa kwa maisha ya betri, na betri inazeeka hata ukiipenda vipi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kidonda hiki tunakilipia kwa mkopo wa kila wiki, tukimaliza kulipa kimekwisha kuchoka. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka betri za vyombo vidogo, kuanzia Februari 2027, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeacha mianya yake. Haikuandikwa kwa ajili ya Kariakoo. Lakini simu zilizotumika huko huishia kwetu, kwa njia ya Dubai na nyinginezo, na nitafurahi siku zikianza kufika zikiwa na mifuniko.

Katika karibu kila ukoo kuna mtoto aliyechapwa kwa kufungua redio ya baba. Nimekutana nao wengi. Baadhi ni wahandisi, wengine ni mafundi wa meza, wengine wakaacha kabisa na sasa hawagusi hata plagi. Hao wa mwisho hunisikitisha. Mtoto yule hakuwa anaharibu. Alisikia mtu anazungumza ndani ya kisanduku, akaenda kumtafuta, na hilo ni jambo la adabu. Angekemewa kwa yale ya kumuua, ningeelewa: televisheni za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu hutunza umeme mkali ndani hata zikiwa zimechomolewa, oveni ya maikrowevu vivyo hivyo, na betri ya simu iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi. Hayo afundishwe kwa sauti kali. Mengine yote angeachiwa meza, taa, na chombo ambacho hakuna anayekidai.

Mpwa wangu anakuja likizo, na nimeshamtafutia simu ya batani iliyokufa. Betri nitaitoa mimi kwanza. Nitamwekea sahani ya skrubu na karatasi ya kuchorea mahali kila moja ilipotoka, kwa sababu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi. Amekwisha kuniuliza kwa simu anachotaka kuanza nacho. “Mjomba, kwa nini ikiita inacheza juu ya meza, wakati haina miguu?” Jibu lake ni mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja tu wa mhimili, kikizunguka kinaivuta simu nzima huku na huko. Yeye sitamwambia. Iko chini ya bodi, na bisibisi ninayo ya kumpa.